Nahau za Kiingereza: Zilikotoka na Mahali pa Kuzitumia

Mtu aliyejifunza Kiingereza kiasi cha kusoma gazeti na kuandika barua ya kuomba kazi hukutana, aghalabu pale asipotazamia, na jumla ya maneno ambayo kila moja ndani yake analijua tangu alipoanza kusoma, na walakini maana ya jumla hiyo haimfunukii hata akiikariri kutwa. Anajua kuwa “cat” ni paka na “bag” ni mfuko. Lakini akisoma ya kwamba karani fulani “let the cat out of the bag”, hapana paka wala mfuko katika habari hiyo, pana karani aliyetoa nje siri aliyowekewa amana. Jambo hili halipasi kumshangaza mtu wa lugha yetu, kwa kuwa sisi nasi tukisema mzee fulani amekula chumvi nyingi hatumpeleki msikilizaji jikoni, na tukisema wawili wamekula njama hapana anayetazamia kuona sahani mbele yao. Kila lugha ina maneno yake yaliyofungamana kwa desturi hata yakawa na maana moja isiyopatikana kwa kuyafumua, na hayo ndiyo nahau. Mwongozo huu umekusudiwa kumsaidia msomaji wa Kiswahili kuzijua nahau za Kiingereza, kuzikumbuka, na, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo mawili, kujua ni wapi aziseme na ni wapi azinyamazie.

Vitabu vingi vinavyofundisha nahau huzipanga kwa mfuatano wa herufi, na mwanafunzi mwenye bidii huzihifadhi ishirini ishirini kwa siku, kisha mwezi haujaisha zimemtoka zote, maana hazikuwa na kitu cha kuzishika. Shauri langu, ewe msomaji, ni kuzipanga katika daftari lako kwa kazi na desturi zilizozizaa. Nahau haikuzuka hewani. Ilizaliwa chomboni, au uwanjani, au kanisani, au penye mashindano ya farasi, na watu walioisema mwanzo walikuwa wakitaja vitu vya dhahiri walivyovishika kwa mikono yao wenyewe. Ukikiona kitu kile kwa jicho la akili, maana yake ya batini hukufuata bila ya kuburutwa.

Anza na bahari, kwa sababu hapo msomaji wa mwambao ana fadhila juu ya wanafunzi wengi wa Ulaya ambao hawajapata kushika kamba ya chombo maishani mwao. Uingereza ni nchi ya visiwani, na kwa karne nyingi biashara yake na vita vyake vilikwenda kwa matanga, hata lugha ya mabaharia ikapanda pwani na kuingia katika vinywa vya watu wasiojua kuogelea. Katika jahazi zao kamba zilikuwa nyingi mno, kila moja na jina lake na kazi yake, na baharia mgeni asiyetenga jarari na demani alikuwa hatari kwa wenziwe wote. Ndiyo maana mtu aliyezoea kazi hata akajua ndani na nje yake huambiwa “he knows the ropes”, na kumwelekeza mwajiriwa mpya ni “to show him the ropes”. Mambo yakienda bila matata huitwa “plain sailing”. Na mjumbe aliyejiandaa kusimama mkutanoni alalamikie mishahara iliyochelewa, kisha kabla hajafumbua kinywa mwenyekiti akatangaza kuwa mishahara imekwisha kulipwa asubuhi ile, ameondolewa upepo katika matanga yake: “it took the wind out of his sails”.

Nahau moja ya bahari inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa imewapoteza wengi. Waingereza husema juu ya mlevi, “he is three sheets to the wind”. Mwanafunzi hudhani “sheets” ni shuka za kitandani, na yule mwenye kujitahidi zaidi hukisia kuwa ni matanga. Wote wawili wamekosa. Katika lugha ya vyombo “sheet” ni demani, ile kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, ambayo baharia huivuta au kuilegeza ili tanga lipokee upepo kwa kadiri itakiwayo. Demani ikimponyoka, tanga hupapatika ovyo na chombo hupungukiwa na mwendo. Na zikiponyoka tatu kwa pamoja, chombo huyumba huku na huku bila ya amri ya msukani. Mtu aliyewahi kuona tanga likipapatika mbele ya Forodhani kule Unguja hahitaji kufafanuliwa zaidi kwa nini mabaharia walimfananisha mlevi na chombo cha namna hiyo. Lakini ajue papo hapo kuwa maneno haya ni ya barazani, baina ya marafiki. Katika taarifa ya polisi au barua ya kazini atasema “he was drunk”, au “intoxicated” akitaka adabu zaidi, na basi.

Hali kadhalika “high and dry”. Chombo kilichotiwa nanga karibu mno na pwani, maji yakipwa, huachwa kimekaa juu ya mchanga, hakiendi mbele wala nyuma. Na mtu aliyeachwa na wenzake katikati ya shida, hana fedha wala msaada, husemwa “they left him high and dry”. Sisi tunalo neno letu lililotoka pwani ile ile na kusafiri safari ile ile: kupwelewa. Chombo hupwelewa, na mtu naye hupwelewa. Pale nahau mbili za lugha mbili zinapolingana namna hii, ziandike pamoja katika daftari, kwa maana hutaisahau ya kigeni maadamu unayo ya kwenu.

Walakini ulinganifu huo usikuleweshe, kwa kuwa bahari moja imefundisha watu wawili mambo mawili. Kwetu mtu akiulizwa hali akajibu kuwa mambo ni shwari, amejibu kheri tupu: hapana mawimbi, hapana fujo, roho imetulia. Mabaharia wa Kiingereza waliovuka bahari kuu waliijua shwari nyingine, ile ya ukanda ulio karibu na Ikweta waliouita “the doldrums”, ambako upepo hukatika siku nyingi, matanga yakalala na maji ya kunywa yakapungua. Kwao utulivu huo ulikuwa msiba. Basi ukisoma kuwa biashara ya mji fulani iko “in the doldrums”, usiwapongeze wafanyabiashara wake. Biashara imedorora, na watu wanangoja upepo. Na kuna nahau ya bahari inayosemwa kila siku na watu wasioijua kabisa kuwa ni ya bahari, nayo ni “by and large”, yaani kwa jumla: chombo kilichokwenda vizuri kikienda joshi, karibu na upepo, na kikaenda vizuri vile vile upepo ukiwa tezini, kilikuwa chombo kizuri kwa kila namna.

Baada ya bahari, tazama viwanja vya michezo. Kriketi si ngeni kwetu. Wahindi na Waingereza waliicheza Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, na mwaka 2003 timu ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mpigaji hulinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, na mpira ukimjia kwa nguvu hurudi nyuma akauegemea mguu wa nyuma ili ajihami. Kwa hiyo mtu anayejitetea badala ya kushambulia, katika mjadala au katika biashara, yuko “on the back foot”. Ardhi iliyo baina ya vijiti vya pande mbili, zamani ilipokuwa haifunikwi, ikinyeshewa kisha jua likaiwakia, iliufanya mpira kuruka kombo hata mpigaji asijue utamjia wapi, na toka hapo waziri aliyeulizwa swali gumu bungeni huwa “on a sticky wicket”. Mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila ya kugusa chini, mpigaji hupata mikimbio sita kwa mara moja. Ndiyo sababu habari ya ghafula inayomwangusha mtu moyo husemwa imempiga “for six”. Na tendo lisilo la haki, hata kama sheria hailikatazi, husemwa “it’s not cricket”, ingawa siku hizi wanaosema hivyo zaidi ni wazee.

Wamarekani hawakudumu na kriketi. Mchezo wao ni besiboli, na nahau zao zimetoka huko. Anayefanya kazi na Wamarekani atasikia “let’s touch base on Friday”, yaani tuwasiliane kidogo Ijumaa tupeane habari, na ataombwa “a ballpark figure”, yaani kadirio la jumla lisilohitaji kuwa kamili hadi senti. Asilijibu ombi hilo la pili kwa hesabu ya siku tatu. Aliyeuliza anataka kujua tu kama gharama ni milioni mbili au ishirini. Kutoka kwenye mashindano ya farasi chukua moja, “to win hands down”: mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali hulegeza hatamu na kushusha mikono kabla ya kufika mwisho, na hivyo ndivyo anavyoshinda aliyeshinda bila ya kutoa jasho.

Chemchemi ya tatu ni Biblia, na hapa msomaji Mkristo atatembea kama nyumbani, na msomaji Mwislamu asidhani kuwa haimhusu, kwa kuwa Waingereza wasiokanyaga kanisa mwaka mzima huzisema nahau hizi katika magazeti na mahakama. William Tyndale alipiga chapa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, na tafsiri iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James ilitoka mwaka 1611. Maneno ya vitabu hivyo yalisomwa kwa sauti kila Jumapili hata yakawa maneno ya watu wote. Katika mlango wa 5 wa kitabu cha Danieli, mkono unatokea na kuandika ukutani katika karamu ya mfalme Belshaza, na usiku ule ule ufalme wake unakwisha. Kwa hiyo kampuni ambayo wateja wanaikimbia na mabenki yanaikatalia mkopo imekwisha kuona “the writing on the wall”. Katika mlango wa 2 wa kitabu hicho iko sanamu yenye kichwa cha dhahabu na nyayo zilizochanganyika na udongo, na kiongozi aliyetukuzwa kisha akabainika kuwa na udhaifu wa siri husemwa ana “feet of clay”. Neno “scapegoat” ni la Tyndale, alilolitumia mwaka 1530 kwa yule mbuzi wa Walawi mlango wa 16 aliyebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Leo ni karani mdogo anayefukuzwa kazi kwa makosa ya wakubwa wake. “To wash one’s hands of” haihitaji maelezo, maana nasi twajua kunawa mikono kwa Pilato.

Chemchemi ya nne ni tamthilia za Shakespeare, na huko msomaji wa Kiswahili ana mlango wa kuingilia uliofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere, aliyetafsiri mbili kati ya hizo, ile ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Aliyeisoma hiyo ya pili anamkumbuka Shylock akisimama mbele ya hukumu na hati yake, akidai apewe ratili ya nyama ya mwili wa mdeni kama walivyoandikiana. Mwenye nyumba anayemtoa mpangaji mgonjwa kwa kodi ya siku mbili, na sheria iko upande wake, anadai “his pound of flesh”: haki iliyo halali katika karatasi na haramu katika ubinadamu. Sioni nahau nyingine ya Kiingereza iliyobeba lawama nzito namna hii kwa maneno machache.

Sasa tufike penye hatari, ambapo maneno ya lugha mbili yanafanana sura na kutofautiana roho. Viungo vya mwili ndivyo vinavyodanganya kupita vyote. Kwetu mtu mwenye mkono mzito ni bahili, hutoa kwa taabu. Kwa Waingereza aliye “heavy-handed” ni mkali asiye na upole, anayetumia nguvu pale palipotosha neno. Ukiandika hivyo juu ya tajiri asiyetoa sadaka, utakuwa umemsingizia ukatili. Kwetu mwenye macho makavu hana haya, amekosa na bado anakutazama usoni. Kwao aliye “dry-eyed” hakulia tu, pengine kwa ushujaa. Mjane aliyesimama kaburini “dry-eyed” amesifiwa kwa kujizuia, na mfasiri atakayeandika kuwa alikuwa na macho makavu amemtukana. Kwetu mwenye mkono mrefu huiba. Kwao mwizi ana vidole vyepesi, “light-fingered”, au vya kunata, “sticky fingers”, na mkono mrefu wameiwekea dola, “the long arm of the law”, jambo ambalo nasi twalijua, maana husema mkono wa serikali ni mrefu. Anayetishika dakika ya mwisho akaghairi jambo aliloazimia, kama bwana arusi anayekimbia siku ya ndoa, “gets cold feet”, na hapo hapana baridi wala ganzi.

Chumvi nayo ina mambo yake. Aliyekula chumvi nyingi kwetu ameishi miaka mingi. Waingereza wana “an old salt”, naye ni baharia mkongwe, hivyo tumekaribiana. Lakini habari iliyopokewa “with a pinch of salt” imepokewa kwa shaka, isiaminiwe yote. Mtu aliye “the salt of the earth” ni mwema, mnyofu, asiye na makuu. Na anayetia chumvi kidondani, “to rub salt into the wound”, anafanya tunaloita kutonesha donda. Kwetu tena anayetia chumvi katika habari ameiongezea ladha ya uongo. Mwenye kutafsiri hukumbuka hapa kuwa anatafuta nahau inayofanya kazi ile ile, si inayotaja kitu kile kile. “To spill the beans” ni kumwaga maharagwe, na sisi tunamwaga mtama kwenye kuku wengi. Nafaka ni mbali mbali na siri iliyotoka ni moja.

Nimesema kuwa mahali pa kuisema nahau pana uzito kuliko maana yake, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni habari ya mauti. Kila kijitabu cha nahau kitakufundisha kuwa “to kick the bucket” ni kufa, na maana hiyo ni sahihi. Jambo lisilosemwa ni kwamba maneno hayo yana mzaha ndani yake. Fikiri umeandikiwa na bosi wako wa kigeni kuwa amefiwa na baba yake, nawe kwa kutaka kuonyesha ufasaha ukamjibu kuwa umesikitika kusikia baba yake “kicked the bucket”. Ni sawa na kumwandikia Mswahili tanzia ukimwambia marehemu amekata kamba. Andika “passed away”, ambayo hufanya kazi ya kufariki kwetu, kisha ongeza sentensi moja ya rambirambi, na ukomee hapo. Wanafunzi wengi hawaambiwi haya, na huwa nawaonea uchungu, maana jeraha wanalolitia ni la kweli na nia yao ilikuwa njema.

Mahali pengine kasoro haiko katika adabu, iko katika uchakavu. Shule zetu hufundisha “it is raining cats and dogs” kana kwamba Mwingereza hawezi kuona mvua asiyaseme, ilhali Jonathan Swift aliyaingiza katika kitabu alichokitoa mwaka 1738 cha mazungumzo yaliyojaa misemo iliyochuja. Leo Mwingereza hutazama dirishani akasema “it’s pouring”. Hapa pana tofauti ya tabia baina ya lugha hizi mbili ambayo haifundishwi vya kutosha. Kiswahili hupenda mapambo. Insha iliyotiwa methali na misemo kila aya husifiwa na mwalimu kuwa ni fasaha, na msemaji asiye na methali barazani huonekana mkavu. Kiingereza cha maandishi rasmi kina mizani nyingine: nahau tatu katika ukurasa mmoja huonekana kuwa mwandishi amekosa maneno yake mwenyewe akaazima ya watu. Mwanafunzi anayejaza barua yake ya kuomba masomo kwa nahau alizohifadhi anadhani anapanda, kumbe anashuka. Nakuhimiza basi uzielewe nyingi na uzitumie chache, na kila unayoitumia iwe umekwisha kuisikia kwa watu kadhaa walio wenyewe wa lugha, katika mazingira yanayofanana na yako.

Ukiitumia, usiibadili. Nahau za Kiingereza, kama zetu, zimeganda. Mtu aliyepiga maji amelewa, lakini hapana asemaye maji yamepigwa; vivyo hivyo hapana Mwingereza asemaye ndoo imepigwa teke akikusudia mtu amekufa, wala hawafanyi ndoo kuwa nyingi wakifa wengi. Maharagwe yale yaliyomwagwa yanakubali kugeuzwa, “the beans were spilled”, na hapana kanuni itakayokuambia ni ipi inayokubali na ipi inayokataa. Sikio ndilo mwalimu. Mpangilio nao usiuguse: ni “cats and dogs”, haiwi mbwa na paka.

Na Mwingereza na Mmarekani wakiachana, fuata wa mahali ulipo. Aliye London hugusa ubao asije akapatwa na kijicho, “touch wood”, na aliye Chicago huugonga, “knock on wood”. Tufani ya jambo dogo huko London imo kikombeni, “a storm in a teacup”, na kwa Wamarekani imo birikani, “a tempest in a teapot”. Hayo hayadhuru. Linalodhuru ni “to table”: Mwingereza “akiitable” hoja ameileta mezani ijadiliwe sasa, na Mmarekani ameiweka kando isijadiliwe. Katika kikao chenye watu wa nchi hizo mbili, usione haya kuuliza kwa maneno mepesi kama jambo litazungumzwa leo au litaahirishwa. Utakuwa umewasaidia nao wenyewe.

Kuhusu asili za nahau, zitumie kukumbukia, ila usiape kwazo. Kitabu cha Brewer cha mwaka 1870, kinachokusanya misemo na visa vyake, ni starehe kukisoma, na zipo asili zilizothibiti kwa maandishi, kama ile ya “red herring”, samaki aliyetiwa chumvi na kufukizwa moshi hata akawa mwekundu, ambaye mwandishi William Cobbett mwaka 1807 alisimulia jinsi alivyomburuza ardhini ili harufu yake iwapoteze mbwa wa kuwinda; kwa hiyo hoja inayoletwa ili kuwatoa watu katika shauri lenyewe ni “a red herring”. Lakini hadithi nyingi zinazozunguka ni za kubuniwa, kama ile ya paka na mbwa kuteleza kutoka kwenye mapaa ya nyasi wakati wa mvua. Kamusi nzuri huziweka nahau chini ya neno lake kuu. “To kick the bucket” itafute kwanza kwenye “kick”, usipoiona nenda “bucket”, na ukiipata angalia alama inayoonyesha kama ni ya mazungumzo, ya kizamani au ya matusi, kabla hata hujaiandika maana.

Neno la mwisho nawaelekezea Waswahili wanaofanya kazi ya ukalimani katika hospitali na mahakama za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kwa kuwa kwao kosa la nahau si kosa la mtihani. Daktari akimuuliza mgonjwa tangu lini amekuwa “under the weather”, muulize mgonjwa tangu lini hajisikii vizuri, na hali ya hewa usiitaje. Mgonjwa anayengoja kupasuliwa naye akisema amepiga moyo konde, mwambie daktari kuwa amejikaza na yuko tayari kwa upasuaji. Ukimwambia amejipiga ngumi kifuani, ataagiza picha ya mbavu. Shahidi akisema mshitakiwa alikuwa amepiga maji, hakimu aambiwe alikuwa amelewa. Na pale unapokuwa na shaka, omba ruhusa, muulize aliyesema alikusudia nini, kisha ndipo utafsiri. Mahakama na hospitali nyingi humruhusu mkalimani kufanya hivyo maadamu anawajulisha wote waliopo kuwa anauliza na ni nini anachouliza.